Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame. Wala hawakusema mgeni njoo, mwenyeji asogezwe ukutani. Maana ya maneno yao ni wazi: kuja kwa mgeni kuwe ni faraja ya nyumba nzima, na siku ya kuondoka kwake mwenye nyumba awe amebaki na afya kuliko ile aliyokuwa nayo kabla hodi haijapigwa. Nchi yetu leo inapokea wageni wengi kuliko wakati wowote katika historia yake, na kwa hiyo ni haki ya kila mwananchi, bila hasira na bila kujipendekeza, kuuliza: ni mwenyeji gani aliyepona?

Kwanza tutaje yaliyo mema, kwani asiyekiri jema hana haki ya kukosoa baya. Mwaka 2019 wageni wa kutoka nchi za nje walipita milioni 1.5. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga anga za dunia, hesabu hiyo ilianguka hata ikawa karibu 620,000 tu. Wapo waliodhani kwamba kazi hii imekufa. Lakini mwaka 2022 hesabu ilirudi kukaribia ile ya awali, mwaka 2023 ikapita milioni 1.8, na mwaka 2024 ikapita milioni 2.1. Filamu ya Royal Tour, ambayo ndani yake Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza nchini mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, na ambayo ilizinduliwa New York mwezi wa Aprili 2022, ilisaidia kulipeleka jina la nchi mahali ambapo halikuwa likisikika. Kwa hesabu za Serikali, utalii huleta karibu robo ya fedha zote za kigeni tuzipatazo. Fedha hizo ndizo zinunuazo mafuta ya magari, dawa za hospitali na mitambo ya viwanda. Mtu asemaye kwamba utalii hauna faida kwa nchi hii hasemi kweli.

Lakini faida ya nchi ni kitu kimoja, na faida ya mahali ni kitu kingine. Ili tuione tofauti hiyo tusikae Dar es Salaam tukisoma hesabu; twende Mugeta.

Mugeta ni kata ya wilaya ya Bunda, mkoani Mara, katika nchi ya Waikizu, upande unaoelekea Natta na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Mapori hayo yalitangazwa mwaka 1994, na nyuma yake ndiyo Hifadhi ya Serengeti yenyewe. Watu wa huko ni wakulima wa mahindi, mtama, mihogo na pamba, na ni wafugaji. Kati ya mwezi wa Mei na Julai makundi makubwa ya nyumbu, ambao jumla yao huhesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja, huja katika ukanda huu wa magharibi na kuuvuka mto Grumeti. Watu wa Ulaya na Marekani huweka akiba miaka mingi ili wayaone mambo hayo kwa siku tatu. Mkulima wa Mugeta huishi jirani nayo maisha yake yote, naye anayemjua zaidi si nyumbu. Anayemjua ni tembo.

Tembo wa Serengeti walikuwa wamebaki mamia machache tu katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya majangili wa pembe. Kwa kazi kubwa ya askari wa wanyama pori, ambao baadhi yao walitoa roho zao, hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba upande wa Tanzania peke yake wamefikia zaidi ya 6,000. Huo ni ushindi wa taifa. Lakini tembo 6,000 hawali karatasi za sifa. Mvua zikiisha na mazao yakikaribia kukomaa, hutoka usiku kwa makundi na kuingia mashambani katika vijiji vya Bunda na Serengeti, na kazi ya miezi mitano huisha katika saa moja. Watoto hulala shambani badala ya kulala nyumbani ili waamkie shule. Wanaume hukesha wakipiga madebe na kuwasha mioto. Na mara kwa mara mtu hupoteza maisha.

HESABU YA EKARI MOJA

Sasa na tufanye hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Kanuni za mwaka 2011 zilizowekwa chini ya Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2009 ziliamua kwamba mtu aliyeharibiwa mazao na mnyama mkali apewe kitu kiitwacho kifuta jasho, na jamaa wa aliyeuawa wapewe kifuta machozi. Kifuta jasho kiliwekwa kuanzia shilingi 25,000 hadi shilingi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na hifadhi, na tena kwa ekari zisizozidi 5. Kifuta machozi kiliwekwa kuwa shilingi milioni moja.

Kwa upande wa pili, mgeni wa nje aingiapo Serengeti hulipa, katika miezi ya wageni wengi, ada ya dola 70 kwa siku kabla ya kodi. Kwa thamani ya shilingi ya miaka hii, hizo si pungufu ya shilingi 170,000. Yaani ada ya mtu mmoja, kwa siku moja, ya kumtazama tembo akiwa ndani ya hifadhi, ni kubwa kuliko kiwango cha juu kabisa kilichowekwa mwaka 2011 kwa ajili ya ekari nzima iliyoliwa na tembo huyo huyo akiwa nje ya hifadhi. Tuseme mkulima angevuna magunia manane tu katika ekari hiyo, na tuseme gunia moja lingeuzwa shilingi 50,000. Hasara yake ni shilingi 400,000. Hata viwango vile vikiongezwa maradufu, bado mkulima huyu ndiye atakayekuwa mfadhili mkubwa wa utalii wa Tanzania, naye hakuulizwa kama ataka kuwa mfadhili.

Tena tutazame jina lenyewe. Sheria haikusema fidia. Ilisema kifuta jasho. Fidia ni haki ya mtu aliyepata hasara. Kitambaa cha kufutia jasho ni huruma ya mtu aliyeko kivulini. Jina hilo likibaki, ofisa aliyechelewesha malipo mwaka mzima ataweza kusema kwamba hakumdhulumu mtu, kwani huruma haina tarehe. Sisi twaona kwamba neno hili lafaa lirudishwe Bungeni na lijadiliwe upya.

Wapo wajibuo kwamba wananchi wenyewe wamelima mpaka kwenye njia za wanyama. Jibu hilo lina ukweli wake, wala hatutaki kuuficha. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka, na mahali palipokuwa pori katika zama za babu zetu leo pana pamba. Lakini tembo nao waliongezeka, na mipaka ya mapori nayo ilisogea. Kosa la pande mbili haliwezi kulipwa na upande mmoja.

YALIYOTUFIKISHA HAPA

Mambo haya hayakuanza jana. Serikali ya Waingereza ndiyo iliyofanya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo. Katika mwaka huo wa 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege katika kazi ya kuwahesabu wanyama hao, alitoa filamu iliyoifanya dunia nzima ililie Serengeti isife. Dunia ililia kwa ajili ya wanyama. Watu wa Ikoma, wa Natta na wa Ikizu, waliokuwa wakiwinda na kuchunga katika nchi hiyo tangu kale, hawakuonekana sana katika machozi hayo.

Mwezi wa Septemba 1961, ikiwa imebaki miezi mitatu tupate uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha la Wanyama Pori, ambalo si lile la ujamaa la mwaka 1967. Katika azimio hilo aliukubali wajibu wa kuwahifadhi wanyama hao kwa ajili ya vizazi vijavyo, na akaiomba dunia isaidie kwa wataalamu na kwa fedha. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa ili Waafrika wenyewe waongoze kazi hiyo. Msingi ulikuwa ni huu: mali hii ni yetu, na kwa kuwa dunia nzima huifurahia, dunia nzima ichangie gharama yake.

Mwaka 1970 yalizuka mabishano makali ambayo vijana wa leo hawayajui. Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika magazetini kwamba utalii haupatani na ujamaa, kwa kuwa hujenga hoteli za fahari katikati ya watu maskini na kutufundisha kuwa watumishi. Maofisa wa Serikali waliwajibu kwamba nchi yahitaji fedha za kigeni, na fedha hazina rangi. Mabishano hayo yalikusanywa katika kitabu alichokihariri Issa Shivji mwaka 1973. Leo twaweza kusema kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki nusu nusu. Fedha za kigeni zilihitajika kweli, na zahitajika mpaka sasa. Lakini nao vijana waliona jambo lililo kweli: kwamba hoteli yaweza kusimama miaka hamsini mahali pamoja na jirani yake asijengeke.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kabla ya hapo msafara wa wageni ulitoka Nairobi, ukapita Mara, ukaingia Serengeti kwa upande wa kaskazini. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ile ya Bologonja haikurudi kuwa njia ya magari ya wageni, na msafara ukawa ni wa Arusha. Katika jambo hilo taifa lilikuwa na haki, kwani mapato yetu yalikuwa yakiishia mikononi mwa wengine. Ila matokeo yake ni kwamba mgeni huingia kwa lango la Naabi upande wa kusini na mashariki, hutoka kwa lango lilo hilo, na kila senti anayoitumia njiani huibwaga Arusha, Mto wa Mbu na Karatu. Bunda, Butiama, Musoma na Mugeta hubaki nyuma ya nyumba. Tembo hutokea mlango wa nyuma, na fedha hupita mlango wa mbele.

VIKWAZO VINNE

Kwa kifupi basi, tunaviona vikwazo vinne vinavyouzuia utalii usimponye mwenyeji wa upande huu.

Cha kwanza ni barabara. Barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda Bunda, Musoma na Sirari ipo, na lango la Ndabaka liko kando yake, karibu na Ziwa Viktoria. Lakini barabara ya ndani, itokayo Makutano kupitia Sanzate kwenda Natta na Mugumu, imejengwa kwa vipande na kwa kusuasua kwa muda wa zaidi ya miaka kumi. Barabara hiyo ndiyo ambayo ingelifanya kaburi la Mwalimu na malango ya Serengeti kuwa safari moja ya siku moja. Mkandarasi akisimama, bei ya nyanya nayo husimama. Na mama mjamzito asiyeweza kufikishwa hospitali wakati wa masika hahitaji kuelezwa na wachumi kwa nini barabara ni muhimu.

Cha pili ni ujuzi. Hoteli na makambi hutafuta mpishi, fundi wa umeme, msimamizi wa vyumba, mtu ajuaye Kiingereza na, ikiwezekana, Kifaransa au Kijerumani. Kijana wa kijijini aliyemaliza shule ya sekondari huambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya kulinda lango na kufyeka nyasi. Kazi hizo ni za halali, wala hatuzidharau. Lakini kama wenyeji watakuwa wafyekaji peke yao, na kila kazi yenye ngazi ya kupanda imekwenda kwa mtu wa mbali, hapo hakuna upendeleo wa kulaumiwa. Pana upungufu wa vyuo.

Cha tatu ni hali ya mfanyakazi mwenyewe. Kazi hii ina msimu, na wenye hoteli wengi wamezoea kumchukua mtu wageni wanapokuja na kumwacha wanapopungua. Mwaka 2020 uliwafundisha wafanya kazi somo chungu: wengi walirudishwa nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti yake kwa maandishi na haki ya kuingia katika chama. Chama cha kazi hizi kipo, nacho ni CHODAWU, kinachowaunganisha wafanya kazi wa hifadhi, wa hotelini na wa majumbani. Mfanyakazi anayetegemea bakshishi ya mgeni badala ya mkataba wa mwajiri amejenga nyumba yake juu ya mchanga.

Cha nne ni mgawanyo wa mapato. Shirika la Hifadhi za Taifa limekuwa na mpango wake wa ujirani mwema tangu miaka ya 1980, na kwa mpango huo yamejengwa madarasa, zahanati na nyumba za walimu. Kampuni iliyokabidhiwa ulinzi na utalii wa Grumeti tangu mwaka 2002 nayo imelipia masomo ya vijana kadhaa. Haya ni mema, na waliosoma kwa ajili yake watayashukuru. Lakini hisani ni hisani. Mtoaji ndiye aamuaye kiasi, mahali na wakati. Tazama wenzetu. Rwanda ilianza mwaka 2005 kuwapa majirani wa hifadhi sehemu 5 katika kila 100 ya mapato, na mwaka 2017 ikaongeza kuwa sehemu 10. Uganda imeweka katika sheria kwamba sehemu 20 katika kila 100 ya ada za malangoni ziende kwa wananchi waliopakana na hifadhi. Huko Kenya, kandokando ya Masai Mara, wenye ardhi hulipwa kodi ya pango kwa ajili ya malisho waliyowaachia wanyama. Kila nchi ina taabu zake, na hata huko yako manung'uniko juu ya nani hasa azishikaye fedha hizo. Lakini mwanakijiji wa huko aweza kudai kiasi kinachojulikana. Wa kwetu aweza kuomba tu.

NAFASI ZILIZOPO

Tukiishia hapo tutakuwa tumelia bila kupanga. Upande wa Mara una mali ambayo Arusha haina. Una ziwa. Una Butiama, alikozaliwa Mwalimu na alikozikwa mwaka 1999, pamoja na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka huo huo. Hakuna mahali pengine Tanzania ambapo mtu aweza kusoma habari za ukombozi wa Afrika asubuhi na kuwatazama viboko jioni. Wanafunzi wa Afrika ya Kusini, wa Msumbiji, wa Zimbabwe na wa Namibia wana sababu ya kuja Butiama isiyohusiana na simba hata kidogo. Una pia ngoma za Wazanaki, Waikizu, Wakuria na Wajita, ambazo si mchezo wa kutumbuiza wageni wakati wa chakula bali ni elimu ya watu.

Tena wageni si Wazungu peke yao. Mwaka 2024 watalii wa ndani walipita milioni 3. Mtanzania mtu mzima hulipa ada ya shilingi 10,000 tu kabla ya kodi aingiapo Serengeti. Mwanza ni mji mkubwa, uko karibu na lango la Ndabaka kuliko Arusha ilivyo karibu na Naabi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, njia ya kutoka Geita na nchi za magharibi imekuwa nyepesi. Walimu, wanafunzi, wafanya kazi wa viwanda na vyama vya ushirika wanaweza kuja kwa mabasi, wakala chakula cha nyumba za kawaida na kulala katika nyumba safi za bei nafuu. Mgeni wa namna hiyo haachi dola, lakini shilingi yake hubaki Bunda.

Kadhalika mboga. Kila siku makambi ya Serengeti huhitaji nyanya, vitunguu, mayai, maziwa, kuku na matunda, na mengi ya hayo hutoka mbali kwa magari. Mwenye hoteli atakueleza sababu: mkulima mmoja huleta kreti tatu leo, kesho haonekani. Sababu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni ushirika. Upande huu wa magharibi wakulima wamekwisha kuonyesha kwamba wakiungana wanaweza kuziuzia kambi za watalii mboga. Chama cha ushirika chenye mizani ya haki, mahali pa kuhifadhia penye baridi na gari moja lisiloharibika huweza kutimiza ahadi ambayo mtu mmoja hawezi kuitimiza. Watu wa Bunda wameijua kazi ya ushirika tangu enzi za pamba. Wanajua faida zake, na wanajua pia jinsi viongozi wabaya wanavyoweza kuula.

Kuhusu tembo wenyewe, njia zipo. Huko Kenya mtaalamu Lucy King alionyesha kwamba tembo humwogopa nyuki, na kwamba mizinga ikitundikwa kwenye waya kuzunguka shamba huwazuia wengi wao, na juu yake mkulima hupata asali. Pilipili na mafuta machafu yaliyopakwa katika kamba zimetumika nchini kwetu pia. Hakuna dawa moja iliyo kamili, kwani tembo ni mnyama mwerevu na huzoea. Lakini pilipili, nyuki, askari wa vijiji wenye taa na simu, na njia za wanyama zilizoachwa wazi kwa makubaliano, vikitumika kwa pamoja, hupunguza hasara. Katika kata kama Mugeta kazi hiyo haiwezi kuachiwa askari wawili na gari moja lisilo na mafuta.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Serikali ina wajibu wake. Yatupasa kuitaka, kwa adabu na bila kuchoka, iyafanye mambo matatu: imalize barabara ya Makutano hadi Natta na Mugumu; ibadili kifuta jasho kiwe fidia yenye kiwango kinacholingana na bei ya mazao na yenye siku ya mwisho ya kulipwa; na iweke katika sheria fungu la mapato ya malangoni liwe haki ya vijiji vilivyopakana na hifadhi. Aidha, mahali ambapo wananchi wanaombwa kuhama ili kupisha wanyama, kama ilivyoamuliwa kwa watu wa Nyatwali ili tembo na nyumbu wafike ziwani, malipo yatangulie na kuhama kufuate. Mtu aliyehamishwa kwa haki huwa rafiki wa hifadhi. Mtu aliyehamishwa kwa dhuluma huwa adui yake, na watoto wake pia.

Vijiji navyo vina wajibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo mkubwa kuliko wengi wanavyojua. Kijiji kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi hakiwezi kumlaumu tembo peke yake, kwa maana hakikumwambia mtu yeyote mahali pa kulima na mahali pa kuacha. Fedha zikija, hesabu zake zibandikwe ukutani na kusomwa mkutanoni, maana mwenyeji aweza kudhulumiwa na mwenyekiti wake kama anavyodhulumiwa na mtu wa mbali. Na yule atегaye nyaya porini ili auze nyama ya nyumbu ajue kwamba anauza mbegu. Tunajua kwamba wengi huifanya kazi hiyo kwa njaa, lakini njaa ya leo haiponywi kwa kula kesho.

Wafanya kazi wa hoteli, wa makambi na wa hifadhi wana wajibu wa kujiunga, kujifunza na kufanya kazi kwa uaminifu. Mgeni hukumbuka sura ya mtu kuliko sura ya simba. Utumishi si utumwa. Mtu apikaye chakula kizuri, alipwaye haki yake na atendewaye kwa heshima ni sawa na mtu aendeshaye treni au afundishaye shule. Kinachogeuza utumishi kuwa utumwa ni kukosa mkataba na kukosa sauti.

Na wanachama wa vyama vya siasa, hasa viongozi wao, wana wajibu wa kuacha kuhesabu wageni kama mtu ahesabuye kura. Milioni mbili ni hesabu nzuri. Milioni tano itakuwa nzuri zaidi, kama barabara, maji na maliasili zitaweza kuibeba. Lakini hesabu hizo husimama juu ya amani na juu ya ridhaa ya watu wanaoishi na wanyama. Mwaka 1977 na mwaka 2020 ilitosha mipaka kufungwa ili kila kitu kisimame. Ridhaa ya majirani ikifungwa, hakuna waziri awezaye kuifungua kwa tangazo, na hakuna askari wa kutosha kuulinda mpaka wote wa Serengeti, ambayo ina kilometa za mraba zaidi ya 14,700.

Kwa hiyo sisi twasema hivi. Mwaka ujao Wizara itakapotangaza hesabu za wageni, itangaze pia hesabu nyingine kando yake: ekari ngapi zililiwa na wanyama, ngapi zililipwa, na zililipwa baada ya siku ngapi, wafanya kazi wangapi wa hoteli wana mikataba, na shilingi ngapi za malangoni zilifika katika kila kijiji cha mpakani. Hesabu hizo zikisomwa pamoja, mkulima wa Mugeta atajua kama yeye ni mwenyeji katika nchi yake au ni mlinzi asiyelipwa wa mali ya watu wengine. Nasi sote tutajua kama methali ya wazee wetu tunaifuata, au tunaitangaza tu.